Mdoli Si Mtu

Trafiki alimwomba mdoli leseni mara ya pili. Mdoli kimya.

Ukimya huo ndio ulioniponza, maana mdoli nilimtengeneza mimi.

Tulikuwa tunamhamisha shangazi yangu, mkunga, kwenda kituo kipya. Jumatatu alitakiwa aanze kuwazungukia wajawazito nyumba kwa nyumba, kwa kigari chake. Alikodi gari-nyumba, lile kubwa lenye vitanda na jiko ndani. Kigari tukakifunga nyuma kwa chuma, magurudumu yote manne barabarani.

Kabla ya kuondoka akanipa semina. Gia iwe huru. Handbreki ishushwe. Ufunguo uzungushwe kidogo ili usukani usijifunge, maana kwenye kona magurudumu ya mbele lazima yageuke yenyewe.

"Na mtu asishike usukani," akamaliza. "Umenisikia, baba?"

Nilimsikia vizuri mno.

Mimi ni msomi wa bweni. Elimu yangu yote kule ni kutafuta tundu kwenye sheria za shule. Shangazi alisema mtu.

Mdoli si mtu.

Tuliposimama kujaza mafuta, yeye akaingia msalani, mimi nikaingia kazini. Ovaroli lake la bustani nikalishindilia mito. Kichwa, mpira. Machoni, miwani ya jua. Na ili mheshimiwa asianguke kifudifudi, mikono nikaifunga kwenye usukani wa kigari, kamba nikaikaza kwenye kiti.

Safari ikanoga. Kila gari lililotupita lilipiga honi. Shangazi akauliza wana nini, nikamwambia wamelipenda gari-nyumba. Nikawapungia dirishani kama mgombea ubunge. Mmoja alinyoosha kidole kwenye magurudumu ya kigari. Nikamrudishia dole gumba.

Nilidhani wananishangilia. Kumbe wanaona moshi.

Usukani ulikuwa haugeuki. Kila kona kigari kilikuwa kinaburutwa kama mbuzi aliyegoma.

Trafiki alipotambua kwamba anahoji mpira, alifoka. Shangazi hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alichuchumaa, akapapasa tairi za mbele. Zilikuwa zimelika hadi waya.

"Jumatatu nitawafikiaje hawa kina mama?"

Hakuniuliza mimi. Aliiuliza tairi.

Nikajitolea kumbebea mkoba wa kazi kwa miguu. Nilitarajia akatae, kama watu wazima wanavyokataa kwa heshima. Alikubali kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Kigari kikapandishwa kwenye lori, kikaenda kusubiri tairi gereji; gari-nyumba likarudishwa kwa wenyewe. Mimi Jumatatu nikapanda vilima, mkoba mgongoni, ulimi nje.

Mama wa kwanza alifungua mlango, mkono kiunoni, uchungu umeshaanza. Akaniangalia ninavyohema, akamuuliza shangazi huyu ni nani.

"Hilo ndilo gari langu," akajibu, akaingia ndani.

Ndugu msomaji, ukivuta gari nyuma ya jingine, usukani uache ugeuke wenyewe. Na mkubwa akisema "mtu", usijifanye mwanasheria. Hata mdoli yumo.