Dada yangu alivyozirudisha korosho za mjomba mbele ya foleni nzima

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hapa sina chumvi ya kuongeza. Nilikuwepo, na gunia lenyewe nililibeba mimi.

Dada yangu, tumwite Somoe, alifundisha shule ya msingi huko Ruangwa miaka mingi. Koo likaanza kumsumbua, daktari akamwambia apunguze kusema. Sasa mwalimu asiyesema atafundisha nini?

Akaacha kazi, akarudi kwetu Nachingwea. Akapata mafunzo mafupi ya ubora wa korosho, kisha ghala la kijijini likamchukua kwa majaribio ya msimu mmoja.

Kazi yenyewe ni hivi: unaleta gunia, anachota korosho chache, anazikata katikati kwa kisu na kuangalia ndani. Zikiwa nyeupe zinapokelewa. Zikiwa na maji au ukungu, unarudi nazo nyumbani.

Ukoo ulifurahi, tukasema sasa tuna mtu wetu ghalani. Niwe mkweli, niliyesema sana ni mimi.

Mwaka huo mvua iliwahi. Mjomba akaogopa korosho zisilowe uwanjani, akazifunga kwenye magunia kabla hazijakauka. Nikamwambia asiwe na hofu, dada yupo.

Hapa wa mbali mnielewe. Kwetu Wamwera mjomba si mtu wa kuchezea. Huyu alitulea baba alipofariki, akauza mbuzi wake ili Somoe aende chuo cha ualimu.

Tulipofika ghalani dada alipiga goti, akamwamkia mjomba. Kisha kisu akampa mwenzake wa kazi. Hata shuleni alikuwa hivyo, karatasi ya mwanawe aliisahihisha mwalimu mwingine. Mimi nikajua ndiyo ujanja wenyewe huo, tumepita.

Na kweli, yule mwenzake kwa kumstahi dada alichota za juu, akakata mbili tatu, akasema ziko safi.

Nyuma yetu alikuwepo mama mmoja aliyerudishiwa gunia lake asubuhi ile ile. Alikuwa anatutazama tu. Dada naye alimwona.

Akamwomba mwenzake achote za chini, akate tena. Zilikuwa na maji, nyingine zimeshaota ukungu.

"Mjomba, hizi hazijakauka. Zirudi nyumbani."

"Somoe, mimi ndiye niliyekusomesha."

"Ndiyo, mjomba. Na siku naondoka kwenda chuo uliniambia nisije nikakutia aibu."

Mjomba akageuka, akaondoka bila kuaga. Mimi nikabaki na gunia na hasira zangu. Nilimwambia dada maneno ambayo siyaandiki hapa.

Siku yake ya mapumziko akaja kwa mjomba na mikeka na turubai. Akamwaga korosho zote, akaanza kuchambua moja moja, zenye ukungu pembeni. Mvua ikitishia anakusanya, jua likitoka anaanika upya. Mjomba alipita pale kama hamwoni. Nikaona aibu, nikainama nikachambua naye.

Zilizopona hazikuwa nyingi. Mjomba hakuzipeleka mwenyewe, alinituma mimi. Nyumbani kwa dada hakukanyaga msimu mzima, na dada alilia kwa hilo, nilimwona. Lakini kisu chake hakikubadilika kwa yeyote, na majaribio yalipoisha kazi wakampa.

Msimu uliofuata mjomba alikuwa wa kwanza kufika ghalani. Korosho zake zilikuwa kavu, ukitikisa gunia unazisikia zikigongana. Foleni ilipojaa ndipo akasema, kwa sauti ya kutosha:

"Somoe, anza na zangu. Na uchote za chini."

Dada akampa mwenzake kisu. Mjomba akakitwaa kisu kile, akamrudishia dada mkononi.

"Kata wewe."

Wakuu, kazi ilibadilika lakini mwalimu ni yule yule. Mimi niliyedhani cheo cha ndugu ni mlango wa nyuma nilifundishwa nikiwa mtu mzima.

Wewe uliyebadili kazi, ndugu zako walikupokeaje? Semeni nasi, hata wa kumcheka mbeba gunia karibu.