Karamu ya Mzee Nzioka na Chumba cha Vioo

Mwende, mwanangu, kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo imekuwa ikinirudia tangu jana, tangu uliponijia na ile simu yako. Uliingia ukisema, "Niaje, susu," kana kwamba mimi nyanya yako ni mwenzako wa darasani, ukanikalia ubavuni, ukanionyesha picha za vyumba vitatu vya mikahawa. Ukasema wenzako wa chuo cha uuguzi wamekuchagua wewe utafute chumba cha peke yenu, mle chakula cha jioni pamoja na wazazi na mwalimu wenu, mfurahie kuhitimu. Ukaniuliza, "Susu, kipi kiko poa?" Nikakwambia ngoja nifikirie. Sasa nimefikiria. Kaa nikueleze, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami hiki nilikilalia.

Wakati huo nilikuwa karani katika karakana ya samani kule Industrial Area, ng'ambo kidogo tu ya mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Kazi yangu ilikuwa kuandika mbao zilizoingia na vitanda vilivyotoka. Nilipoajiriwa sikujua mvule wala mhogani. Kwangu mimi ubao ulikuwa ubao. Aliyenifundisha ni Mzee Nzioka, mchonga mbao wa kwetu Ukambani, mtu mfupi wa mabega mapana, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi siku zote. Alinipa vipande vidogo vidogo akaniambia nivinuse. "Mti una harufu yake kama mtu alivyo na jina lake," alikuwa akisema. Baada ya mwezi ningefumba macho nikakutajia mti wowote. Kila nilipomsemesha, alikuwa na desturi ya kuinamisha kichwa, kunigeuzia shavu la kulia na kunitazama midomo. Nilidhani ni adabu za watu wa zamani. Miaka minne, mwanangu, nilidhani ni adabu.

Alipofika umri wa kupumzika, mafundi walikata shauri tumfanyie karamu ya kumuaga. Si chai ya karakana, walisema, bali chakula cha jioni cha heshima, katika chumba chetu wenyewe, mlango ukiwa umefungwa. "Mumbua ndiye msomi, atutafutie chumba," akasema Kimeu, na wote wakaitikia. Huyu Kimeu alikuwa fundi kijana ambaye mzee alimpokea akiwa hajui hata kushika randa. Baadaye alinivuta kando akaniambia, "Sista, tafuta mahali pazuri kabisa. Nina neno la kumwambia mzee siku hiyo. Nimelibeba muda mrefu." Sikumuuliza ni neno gani. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria gauni.

Nilikwenda kuona vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa Donholm, nyuma ya hoteli ya Bi Halima, mama wa Kiislamu aliyesifika kwa pilau yake. Chumba kilikuwa na dari ya chini, zulia zito, mapazia mazito zaidi, na makochi yaliyozunguka meza moja pana. Kilinukia iliki. Bi Halima alinifuata akiniuliza, "Mgeni wenu ni nani, mwanangu? Ni mtu mzima? Anapenda kukaa vipi?" Mimi nikaona ananichelewesha tu. Nikajiambia hiki ni chumba cha vikongwe, nikamuaga nikaenda zangu.

Cha pili kilikuwa ghorofani, katika mkahawa uliofunguliwa karibuni, si mbali na hapo. Mwanangu! Ukuta mmoja mzima ulikuwa kioo. Sakafu ya vigae ilimeremeta hata ungeweza kujitengeneza nywele ukiitazama. Kulikuwa na meza ndefu ya watu ishirini na taa iliyoning'inia kama kichala cha zabibu. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, na kimya kilitanda kama kanisani siku ya Jumatatu. Nilisimama pale mlangoni, nikajiona ninaingia na watu wote wakinigeukia, nikasema, hiki hiki. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nami niliyelipwa kwa kujua miti, huo sikuunusa.

Jumamosi ikafika. Tulikutana saa kumi na mbili jioni, mafundi wamevaa makoti, wengine ya kuazima. Mzee Nzioka alikuja na mkewe, Mama Syombua, mwanamke mtaratibu aliyekuwa akimshika mkono wa kulia. Mama alitaka kukaa karibu naye. Nikamwambia kwa sauti ya upole, lakini kwa ukaidi, kwamba meza ya heshima ina vichwa viwili: mzee huku, yeye kule mwisho. Nilitaka picha ipendeze. Alinitazama kidogo kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akaenda alikotumwa.

Hapo ndipo nilipoanza kukijua chumba changu. Ukuta uliotutenga na chumba cha pili ulikuwa ubao mwembamba uliopakwa rangi, na nyuma yake kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa na muziki wao. Vigae na kioo havikumeza sauti hata moja. Kijiko kikianguka, kilianguka mara tatu. Kumwambia jirani akupe chumvi ilibidi upige kelele, naye akikujibu ulimwona tu akipanua kinywa.

Msimamizi wetu alisimama kwanza, akasimulia jinsi mzee alivyowahi kumchongea mteja simba anayefanana na mama mkwe wake. Watu wakacheka sana, na mzee naye akacheka. Kisha akasimama Kimeu, upande wa kushoto wa mzee. Mimi nilikaa jirani na Kimeu, kwa hivyo nilisikia kila neno.

"Mzee," alisema, "ule mlango wa mvule wa kanisani niliuharibu mimi. Wewe ukamwambia tajiri ni mkono wako uliteleza. Ukasimama ukakemewa mbele ya watu kama mtoto, na mimi nilikuwa nyuma yako, nimenyamaza. Baba yangu alikufa sijamwambia ahsante. Sitaki na wewe uondoke hivyo." Sauti ikamkatika. Alikuwa analia, mtu mzima, mbele ya wenzake.

Mzee Nzioka akamtazama, akatabasamu, akapiga meza kwa kiganja na kuangua kicheko kikubwa, kilekile alichomchekea msimamizi.

Sijui nikuelezeje uso wa Kimeu. Alikaa chini polepole kama mtu aliyemwagiwa maji. Kabla nyama haijaletwa, kiti chake kilikuwa kitupu. Mzee akageuka huku na huku akauliza, kwa sauti kubwa mno, "Kimeu ameenda wapi?"  Tulikula kwa sababu chakula kilikuwa mbele yetu.

Kesho yake, baada ya ibada, nilikwenda nyumbani kwa mzee, Mukuru kwa Reuben. Nilikuwa nimekasirika, nikijiuliza mtu mwema anawezaje kumcheka mwenzake anayelia. Mama Syombua alinikaribisha, akaketi upande wa kulia wa mumewe kama kawaida yake. Nikauliza, "Baba, hukupendezwa na maneno ya Kimeu?" Mama akainama, akamrudishia swali langu karibu kabisa na sikio. Ndipo nilipoelewa, mwanangu. Damu ilinipanda mpaka kwenye nywele.

"Mumbua," akasema mzee, "mimi jana nilisikia sahani. Sahani na viti, na watu wa upande wa pili wakiimba. Sikio la kushoto lilikwenda na mashine za msumeno zamani. La kulia limebaki nusu. Sikusema, kwa maana fundi asiyesikia msumeno nani atampa kazi? Nilikuwa natazama nyuso zenu. Zikicheka, nacheka. Huyo kijana nilimwona amefumba macho na kutikisika, nikadhani kicheko kimemzidi." Akanigeuzia shavu la kulia. "Kwani alisema nini?"

Nikamwambia, "Si maneno yangu, baba. Ni yake."

Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza, "Ulipokwenda kukiangalia kile chumba, ulikaa?"

"Sikukaa. Nilisimama mlangoni."

"Basi ulichagua mlango, mwanangu. Sisi tukaenda kukaa ndani." Aliponiona machozi yananilengalenga, akanisogezea bakuli la muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. "Kula. Hata mimi nina kosa langu. Aibu ya hili sikio nimeilea kama mtoto. Lakini wewe ni karani. Kazi yako ni kuuliza. Mbona hukuniuliza?"

Nikalivuta lile bakuli nikala. Kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa na ujinga wa kutouliza.

Jumatatu nilimkuta Kimeu akipiga randa ubao ambao ulikuwa umeshalainika zamani. Hakuinua macho. "Wacha tu, sista," alisema. "Alinicheka mbele ya watu." Nikamweleza kila kitu, nikaanza na la kwangu: kwamba mimi ndiye niliyemweka mzee mahali pasiposikika neno, nikamtenga na mkewe aliyekuwa masikio yake. Kimeu aliweka randa chini. Alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akauliza, "Kwa hivyo hajui bado?"

"Hajui bado."

Nilirudi kwa Bi Halima kichwa kimeinama. Hakunisuta. Safari hii maswali yake niliyajibu yote. Nilikwenda Jumamosi saa kumi na mbili, saa ileile ya kula, nikakaa katika kila kochi, moja moja, nikamwomba aseme maneno madogo akiwa upande wa pili wa meza. Lile zulia na yale mapazia niliyoyadharau yalimeza kelele zote za barabarani. Nilisikia hata bangili zake.

Wiki iliyofuata tulikuwa watu saba tu. Mama Syombua alikaa alipotaka. Kimeu alikaa upande wa kulia wa mzee, karibu sana, akasema upya maneno yake yote, bila kusimama. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Hakucheka wala hakuhubiri. Alimgeukia Kimeu, akamshika kifundo cha mkono, akasema, "Mlango mmoja tu? Mimi katika umri wako nilikuwa nimeharibu mitatu, na mwalimu wangu alibeba yote." Kisha akaanza kula pilau kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto haukumwachilia kijana mpaka sinia likaisha. Nimehudhuria harusi nyingi tangu siku ile, mwanangu. Sijaona karamu iliyoipita ile.

Sasa nikujibu. Hizo picha za simu ni nzuri, lakini picha haina sauti, haina ngazi, wala haikuonyeshi choo kiko wapi. Kabla ya kuuliza chumba gani, uliza nani atakaa humo. Mama wa rafiki yako anayeumwa magoti, usimpandishe ghorofa tatu halafu umwambie karibu. Wale wenzako Waislamu, ujue jiko linapika nini na upande wa pili kunauzwa nini, wasije wakakaa na sahani tupu wakitabasamu kwa heshima. Mwalimu wenu mumuulize yeye mwenyewe, msimkisie. Kisha nenda, usipige simu tu. Nenda saa ileile mtakayokula, ujue ni nani yuko nyuma ya ukuta. Ukifika, keti. Keti pale atakapoketi yule mnyonge kuliko wote, siyo pale utakapopigiwa picha. Na kama kuna mtu amekuja na neno la kusema, hakikisha lina mahali pa kufikia, kwa sababu kuna maneno ambayo mtu huwa na nguvu ya kuyasema mara moja tu. Kimeu alipata mara ya pili; wengi hawaipati.

Haya, nenda mwanangu. Mwenyezi Mungu aijaze upole mikono yako kwa wagonjwa utakaowahudumia, akupe wenzako wa kula nao miaka yote, na siku utakayokuwa mkongwe kama mimi, usikose kijana mmoja wa kuinama karibu nawe na kukuuliza ungependa kukaa wapi.