Mama Nabilah Aliyeacha Udi

Ayot, muuza mihogo ya kukaanga, ndiye aliyeleta maneno uani. Alisema Mama Nabilah ameacha kuchoma udi kwa sababu kule maabara anakofanya kazi wamemtia fedha kifuani.

"Fedha ipi?" Victoire aliuliza, huku akimpangusa mwanawe Elie pua.

"Fedha ya pete na hereni. Wanaisaga iwe unga, wafanyakazi wanaivuta. Sasa akinusa moshi kidogo tu, kifua kinalia kama sufuria. Ndiyo maana hatamfukizia binti yake nguo. Mnubi gani huyo, mama, anamwoza mtoto bila udi?"

Victoire alimwacha aseme. Alikuwa ameishi miaka minne katika ua ule wa Makindye tangu atoke Butembo, na alishajua kwamba Ayot akikatizwa huanza upya tangu mwanzo. Lakini maneno yale yalimkaa. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi ndiyo siku ya kufukiza nguo za Nabilah, zikae sandukuni na harufu yake mpaka Jumapili, aolewe na Hamim. Shangazi za Nabilah walio Bombo walishasema kwenye simu, kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha tatu, kwamba mama asiyefukiza nguo za bintiye ni kama amemtoa nyumbani uchi. Wao hawataligusa hilo kapu la kufukizia.

Jina lake hasa Mama Nabilah ni Kaltumi. Baba yake aliendesha malori, na babu wa babu yake alikuwa askari aliyeletwa kutoka Sudani na jeshi la wakoloni. Kwao msichana hujua udi kabla hajajua kupika. Makaa kwenye chetezo, vipande vya udi juu yake, kapu la ukindu linafunikwa juu ya chetezo, na nguo zinatandazwa juu ya kapu zinywe moshi. Kaltumi alikuwa fundi wa hilo. Akipita kwenye korido asubuhi, ungejua kapita hata kama ulikuwa umelala.

Mumewe alifariki Nabilah akiwa darasa la tatu. Kaltumi akaingia maabara moja ya chuo kama mfagiaji. Siku moja mwosha vyupa hakuja, wakamwomba awasaidie, na hawakumrudisha tena kwenye ufagio. Anasuuza mara tatu kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji yaliyochujwa, kisha anavipindua vikauke vyenyewe. Hafuti kwa kitambaa, kwa sababu kitambaa huacha nyuzi usizoziona.

Vyupa hivyo ni vya Dokta Tarcisio, ambaye hutengeneza chembe za fedha ndogo kuliko vumbi, ndogo mno hata darubini ya kawaida haizioni. Kaltumi alimweleza Victoire siku moja wakichambua mchele. Virusi vya mafua na vya kifua, alisema, vina vishikio, na ni kwa vishikio hivyo vinavyong'ang'ania ndani ya pua na mapafu. Chembe zile zinatangulia kukaa kwenye vishikio. Kirusi kinafika kama mtu mwenye matope mikono yote, kila anachoshika kinamteleza.

"Basi ni dawa," Victoire alisema.

"Bado, mama. Sasa tunajaribu kwenye seli tunazozikuza kwenye vyombo. Kwa mtu ni mbali. Lakini tunaenda."

Alisema "tunajaribu" na "tunaenda", na Victoire aliliona hilo. Alikuwa na sababu ya kuliona. Mwaka uliopita Elie, akiwa na miezi mitatu, alishikwa na kifua hadi mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Hospitali walimwekea oksijeni siku nne. Daktari alisema wazi kwamba ni kirusi, na hakuna dawa ya kukiua, kazi ni kumsaidia apumue na kungoja. Kila jioni Kaltumi alipotoka kazini alipita pale na chupa ya uji, akakaa, akashika mguu mdogo wa Elie kwa vidole viwili. "Huyo aliyekushika tunamtafuta," alimnong'oneza mtoto. "Tutampata."

Jumatano alasiri Victoire alimkuta Kaltumi ameketi mlangoni, chetezo tupu mbele yake. Aliona aibu kuuliza, akauliza hata hivyo.

"Mama Nabilah, ni kweli una fedha kifuani?"

Kaltumi alicheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani. "Ayot huyo. Mwambie nikikohoa nitamletea hereni."

Kisha akasimulia. Miaka mitatu iliyopita, mashine inayohesabu chembe ilianza kutoa hesabu za ajabu. Wiki nzima wasomi walilaumu maji, wakalaumu chujio, wakagombana. Kaltumi alinyamaza, anaosha, anafikiri. Hesabu ziliharibika tangu Jumatatu, na Jumapili iliyotangulia alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake. Alioga mara mbili kabla ya kwenda kazini, lakini mtandio ulikuwa ule ule uliofukizwa. Akaenda nao kwa Dokta Tarcisio. "Kung'uta huu karibu na mashine yako," alimwambia. Dokta akakung'uta, na hesabu zikapanda.

"Moshi nao ni chembe," Kaltumi alisema. "Mashine haijui huu ni wa harusi. Ningeweza kukaa kimya, Mama Elie. Nilidhani watanifukuza. Dokta alisimama mbele ya wote akasema, huyu mama ametuzuia kuandika uongo. Tangu siku hiyo sijawasha udi."

"Na kesho?"

"Keshokutwa asubuhi ndiyo hesabu ya mwisho. Seli zimeshakua, hazingoji harusi ya mtu. Vyupa vyote ni vya mkono wangu. Nikifukiza kesho, nywele hizi zitaingia na moshi mle ndani." Akapangusa ukingo wa chetezo kwa kidole. "Nikimpa mwingine vyupa, naiacha kazi ikiwa imeshafika mlangoni. Nikiacha udi, mwanangu ataingia kwa Hamim hana harufu ya kwao."

Elie alikuwa ametambaa hadi kwenye chetezo na kukishika kwa mikono yote miwili. Alipumua vizuri, bila mlio wowote. Kaltumi alimtazama muda mrefu.

"Kwetu mama akishindwa, hufukiza yule aliyemchagua mwenyewe," alisema. "Shangazi zake wanajua. Wanadhani sina wa kumchagua."

Victoire alitazama mikono yake. "Mimi Mkongomani, mama. Naenda kanisani. Hata makaa ya udi sijui yanawashwaje."

"Utajua. Nitakaa kule getini, upepo unakotokea, nikuelekeze kwa sauti, shangazi zake wasikie hadi Bombo." Akalichukua kapu la ukindu lililokuwa nyuma yake, akaliweka mapajani mwa Victoire. "Nifukizie mwanangu, Mama Elie."