Fimbo Iliyofutwa Daftarini

Siku yangu ya kwanza katika ghala la silaha la polisi sikushika bunduki. Mkuu wa ghala, sajini mfupi asiyecheka, alinipa kitambaa na kopo la mafuta. "Futa rafu zote," akasema. "Bunduki utaishika ukishajua kuandika."

Nilidhani ananidharau. Kumbe vijana wangu, kazi kubwa ya mtunza silaha ni kalamu. Kila kielelezo, yaani kitu kilichookotwa kwenye tukio ili kioneshwe mahakamani, hufungwa lebo na kuandikwa daftarini kama kilivyo. Bunduki unasoma namba iliyochongwa kwenye chuma, unanusa mtutu kujua kama imefyatuliwa karibuni. Nilifanya hivyo Mugumu, kisha Tarime, kisha kituo kidogo karibu na mpaka.

Huko mpakani ndiko nilikokutana na habari za Kaoboi. Jina hilo mnalijua, mmelichora kwenye pikipiki zenu pale Sirari. Alikuwa mwizi wa ng'ombe aliyejibatiza hivyo kwenye banda la video, akiiga mpiga bastola wa Kimarekani, kofia na yote. Mnasimulia kwamba alisimama uso kwa uso na Marwa wa Ringwani, wakahesabu hatua, Marwa akachelewa kuchomoa.

Achelewe kuchomoa nini?

Asubuhi ya kifo cha Marwa askari walileta vielelezo viwili: bunduki aliyoitupa Kaoboi akikimbilia Kenya, na fimbo ya kuchungia. Marwa alipigwa risasi ya mgongo akiswaga ng'ombe wake walioibwa, anawarudisha nyumbani. Niliviandika vyote viwili. Mkuu wa kituo akasoma, akaguna.

"Tangu lini fimbo ni silaha?"

"Si silaha, afande. Ndiyo yote aliyokuwa nayo marehemu."

"Basi ifute. Andika mapambano ya risasi, tufunge jalada."

Mapambano ya bunduki moja! Nilijua ni uongo, na bado nikafuta. Maneno yale matatu yakatoka kituoni, yakaingia vilabuni, yakawa wimbo. Watoto wa Marwa wakakua wakiitwa watoto wa jambazi, kana kwamba baba yao naye alikuwa na bunduki. Kaoboi mwenyewe alikufa kwa malaria huko Isebania, upande wa Kenya, kwenye kitanda cha kuazima. Hilo mbona hamliimbi?

Niliambiwa niitupe ile fimbo. Niliificha, ikastaafu pamoja nami. Mwezi uliopita nilikodi pikipiki kuipeleka Ringwani kwa Bhoke, mjane wa Marwa. Dereva alikuwa na kofia pana, na ubavuni pa pikipiki yake pameandikwa KAOBOI.

"Mzee, yule alikuwa mwanaume kweli," aliniambia njiani. "Mmoja kwa mmoja!"

Nikaikaza fimbo kwapani. Nilitaka asikie ukweli mahali panapostahili.

Bhoke aliipokea fimbo, akapitisha kidole palipoungua. "Hapa aliichoma ainyooshe, ikazidi kupinda. Nilimcheka siku nzima."

Nikamweleza yote, na kalamu yangu iliyoifuta fimbo daftarini nikaitaja.

"Miaka yote hii fimbo yake ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, mama."

Hakusema amenisamehe, wala sikumwomba. Aligeuka kwa dereva aliyesimama uani, kofia imeshuka mkononi.

"Mura, wewe kijana, njoo. Shika hii." Akamkabidhi fimbo. "Haya, nioneshe alivyochelewa kuichomoa."

Kijana aliishika kwa mikono miwili, akanitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumwandikia jibu.