Kitanda cha Mtoto na Upande wa Mlango

Mhariri, jina langu lifiche, na mtaa wetu uandike Eastlands tu, maana huku tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka ishirini na sita. Nimeolewa miaka minne, na nina mtoto wa kike wa wiki tatu, wa kwanza. Msianze kunicheka mkisikia kwamba kinachonisumbua ni kitanda cha mtoto.

Tunaishi chumba kimoja, na kitanda chetu kimeegemea ukuta. Mimi hulala upande wa ukutani, mume wangu upande wa mlango. Siku aliyonileta hapa alisema, "Mwanamume analala kwa mlango. Mtu akija na ubaya, anikute mimi kwanza." Nilimpenda sana kwa maneno hayo, sitaficha.

Ni dereva wa lori, njia ya Mombasa. Mimba ilipofika miezi mitano aliondoka kama kawaida yake, akaniachia hata shati la kufua, na mpaka leo hajarudi. Nilikwenda kwao kazini Industrial Area, nikaambiwa ameacha kazi. Baadaye dereva mwenzake akapita hapa. Hakutaka hata kuketi, chai niliyommiminia ikapoa mezani. Nikamwuliza kama mume wangu amekufa. Akaitazama kofia yake, akasema, "Ni mzima, shemeji. Lakini usiniulize zaidi ya hapo."

Sikumwuliza. Shati nililifua, nikalipiga pasi, liko pale kwenye msumari. Mto wake sijauondoa mahali pake, na kila nikitandika natandika pande zote mbili. Chumba hiki tulikuwa tukikilalamikia udogo, lakini siku hizi nakiona kikubwa mno. Redio naiwasha asubuhi na mapema hata kama siisikilizi, ili kuwe na mtu anayeongea.

Nilijifungua kwa kupasuliwa, na kuinuka kitandani bado ni kazi. Basi mtoto nilikuwa nikilala naye, mimi katikati, yeye ukutani asianguke. Wiki iliyopita, adhuhuri, nilikuwa nikimnyonyesha nikapitiwa na usingizi. Kilichoniamsha ni kelele za Mama Njeri, jirani yangu, aliyekuwa ameniletea uji. Alikuta uso wa mtoto umebanwa kati ya ziwa langu na ukuta, hana sauti, akamnyakua, akawa anampigapiga mgongoni na kumwita Mungu kwa Kikuyu. Mtoto akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Mtoto alipotulia, Mama Njeri akanigeukia mimi. "Hebu angalia hiki kitanda. Nyinyi wawili mmejibana kwa ukuta kama wapangaji wamefukuzwa, na huku kwingine kote kumelala mto! Hii nafasi unamwekea nani?"

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Nusu ya kitanda ilikuwa tupu. Nilikaribia kumuua mwanangu kwa kumlindia nafasi mtu ambaye hayupo. Haya sijamwambia yeyote, hata Mama Njeri, ndiyo maana nawaandikia ninyi nisiowajua.

Sista wa kliniki aliniambia mtoto awe na kitanda chake, lakini mahali mkono wangu unafika bila kuinuka. Sakafuni haiwezekani, panya wa hapa hawaogopi mtu. Nikaenda kwa fundi mmoja, mzee wa Kikamba mwenye kibanda chake kule Pumwani. Alikuwa na vitanda viwili. Kimoja kimezungushiwa fito pande zote nne, kizuri kweli, lakini chumbani kwangu kitaingia kwenye kona ya stovu tu, penye moshi wa mafuta ya taa, na kutoka pale mpaka kwangu ni mbali kwa mtu mwenye mshono. Cha pili kina fito pande tatu. Upande wa nne uko wazi, unafungwa kwenye kitanda cha mama kwa boliti, ukinyoosha mkono tu umemshika mtoto. Hicho ndicho nilichokipenda.

Fundi akaniuliza, "Mama, wewe unalala upande gani?"

Nikasema, "Ukutani."

Akaweka penseli sikioni. "Basi kitafungwa upande wa nje, na hapo bwana ndiye atakesha na mtoto. Ama mbadilishane, yeye aende ukutani. Muulize akitoka kazini, uniambie kabla ya Jumamosi nikuletee."

Nikasema nitamwuliza. Nikatembea mpaka nyumbani na uongo huo kifuani.

Habari za kitanda hicho nilimweleza mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Machakos kumwona mtoto. Alikunja nepi mbili tatu, kisha akasema, "Kwetu mahali pa mume hapajazwi akiwa hai. Ukifunga kitu pale kwa boliti, mwanangu umemzika." Halafu akalia, na mimi nikalia naye. Alipoondoka alilinyoosha lile shati kwenye msumari.

Sasa niko hapa. Nikikifunga kitanda, najua nitakuwa nimesema kitu ambacho mdomo wangu haujakisema. Na akirudi mlangoni siku moja, atapita wapi, aturuke mimi na mtoto kama mgeni? Nisipokifunga, kila nikimweka mtoto ukutani naogopa kusinzia, na mwili wangu umechoka.

Jana mchana nilijaribu kulala upande wake kwa mara ya kwanza. Mtoto nilimweka juu ya mto wa baba yake, nikamshika mguu. Ukilala pale unauona mlango wote, mpaka mwanga unaopita chini yake, na miguu ya watu wanaopita nje. Nikawaza kwamba mtu akija na ubaya, siku zote hizi angenikuta mimi kwanza.

Wasomaji, mliolala peke yenu na mliolala wawili, nielekezeni. Jumamosi imekaribia na fundi anangoja. Nimwambie nalala upande gani?