Mgongo wa Mwanaamina

"Dada Mwanaamina, kwani mgongo wako anauona nani?"

Nilimwuliza hivyo mwaka ule tuliogawiwa shuleni vikombe vyenye picha ya malkia, nikiwa darasa la kwanza. Yeye alikuwa amelala kifudifudi juu ya ngozi ya kondoo, katika chumba cha ndani cha nyumba ya baba mkubwa Selemani, pale Katesh. Alikuwa ameuma kanga kwa meno, na Shangazi Tatu alikuwa amempanda kabisa, goti moja kiunoni, akimkamua chunusi kwa kucha za vidole gumba. Kila moja ilipopasuka alifuta kucha kwenye ukingo wa bakuli la bati la kijani. Nilichungulia ndani ya lile bakuli. Mpaka leo sili chakula kwenye bakuli la kijani, hata kiwe pilau ya Idi.

Mwanaamina ni binti wa baba mkubwa, na kabla hajaolewa watu wa Katesh walimjua kwa samli. Akina mama wa Kibarabaig walileta siagi katika vibuyu kutoka Dirma na uwanda wote ule wa chini ya mlima, siagi ya siku nyingi, yenye manyoya ya ng'ombe na nzi waliozama humo wakafa kwa shibe. Baba mkubwa alinunua, Mwanaamina alichemsha. Alisimama juu ya sufuria kubwa nyuma ya duka, akaengua povu la kijivu, akachuja kwa kitambaa, akajaza madebe. Samli yake ilitoka ya manjano, safi, ikasifiwa hadi Mbulu. Mwenyewe alinuka. Siwezi kuficha, nilikuwa nalala naye kitanda kimoja kila nilipokwenda kwao, na nywele zake, mto wake, hata maji aliyonawia, vyote vilinuka maziwa yaliyochacha.

Madebe yakijaa aliyabeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, mpaka liliposimama lori. Debe huvuja. Mafuta ya moto yaliteremka mgongoni, gauni likanata, vumbi la Katesh likaja juu yake, na chunusi zikaota. Si hizi za usoni tulizo nazo sisi wasichana wa shule. Zake zilikuwa kubwa kama punje za mahindi. Ziliiva, zikapasuka, zikaacha mashimo na makovu meusi kutoka shingoni hadi kiunoni. Ukimpitisha mkono ulidhani unapapasa ukuta wa udongo ulionyeshewa mvua ya mawe.

Lori hilohilo ndilo lililomleta Seifu. Alikuwa utingo, kijana wa Dongobesh mwenye pengo la mbele, na kila alipompokea debe alisema, "Debe lenyewe jepesi. Mzito ni wewe, mzito wa kusema." Na kweli, Mwanaamina hakusema kitu. Lakini siku ya lori alinawa kwa sabuni ya kunukia ya dukani, na lori likichelewa hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Posa ilipokuja alikubali upesi mpaka mama yake akaona haya. Furaha ile haikukaa. Seifu alilelewa na shangazi yake, Bi Sada, na Bi Sada ndiye angekuja kumpaka mafuta bibi harusi. Hiyo ndiyo desturi ya familia zetu: kesho ndoa, leo wanawake wa upande wa mume wanakuja, bibi harusi anakaa kitako amefunikwa kichwa kwa kanga, haruhusiwi kusema neno, nao wanampaka mwili mzima. Kupaka ni jina tu. Wanakagua. Na Bi Sada alikwisha kumkagua binti mmoja wa Mbulu, mchumba wa ndugu yake Seifu, akaona baka pajani, akasema, "Huu ukoma," akaondoka na watu wake, mchele wa harusi ukiwa bado kwenye ungo. Lile baka lilikuwa choa. Lilipona. Binti yule hakuna aliyemposa tena.

"Akisema ukoma," Mwanaamina aliniambia kitandani, "basi, nitachemsha samli mpaka nife."

Ndipo akaitwa Shangazi Tatu kutoka Kondoa, dada yao baba zetu, aliyejiita fundi wa maharusi. Alikuja na kibuyu chake mwenyewe. Ndani mlikuwa na mafuta ya mkia wa kondoo aliyoyaacha yaoze makusudi, kwa sababu yakiwa mapya, alisema, hayana nguvu. Akayachanganya na magadi ya ziwa Balangida aliyoyatwanga, akatia mavi ya njiwa, akatafuta mkojo wa mtoto mchanga kwa jirani, akakoroga kwa kidole, kisha kidole hicho hicho akakinusa na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Rangi ya mchanganyiko ule ilikuwa ya ugoro uliolowa. Alipoupaka mgongo ule uliokwisha kukamuliwa, Mwanaamina aliruka kama samaki aliyetolewa majini.

"Inaunguza, shangazi!"

"Ni makovu yanaungua. Tulia."

"Nikanawe kidogo tu."

"Thubutu! Hunawi mpaka siku ya kupakwa. Unataka mume hutaki?"

Alitaka mume. Akatulia.

Kila asubuhi shangazi aliongeza tabaka jipya juu ya lile la jana, akafunika kwa kitambaa. Jamani, harufu! Mwanzoni ilikuwa ya kondoo. Baadaye ikawa ya kondoo aliyekufa. Kitambaa kilishika kwenye ngozi, pembeni kukawa kunatoka maji ya njano yaliyoteremka polepole mbavuni. Nzi waliacha siagi yote ya dukani wakahamia chumbani. Paka alikuja akanusa mlangoni, akarudi nyuma. Baba mkubwa alihamishia msala wake dukani, katikati ya magunia, akisema mle ndani udhu wake hautulii. Mimi nilihamishwa kitanda, lakini kila nilipopata nafasi nilirudi kutazama. Nilitaka kutapika na nilitaka kuona, vyote pamoja, na kuona kulishinda.

Mama Gidabuday, mteja wetu wa siku zote, alileta siagi akasikia harufu, akaja mpaka mlango wa chumba. Alitazama. Akaziba pua kwa ncha ya vazi lake la ngozi, vazi ambalo Shangazi Tatu alikuwa akilisema kila siku kwamba linanuka.

"Nyinyi," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "nyinyi ndiyo mnasema sisi tunanuka?"

"Hii ni dawa," shangazi akajibu.

"Ng'ombe wangu akiwa hivi, mimi sipeleki mnadani. Mimi nachoma na zizi." Akaacha siagi yake akaondoka bila kuaga.

Asubuhi ya siku ya kupakwa, shangazi alivuta ukingo wa kitambaa ili amwoshe. Kitambaa kilikuja na ngozi. Mwanaamina alipiga yowe mpaka wateja dukani wakanyamaza. Nami nikaona: pale magadi yalipokula, ngozi nyeusi ilikuwa imetoka, yamebaki mabaka meupe na mekundu, yenye kung'aa, makubwa kama viganja. Chunusi zote za mwanzo zilikuwa zikifanana na chunusi. Sasa mgongo ulifanana na ukoma.

Shangazi Tatu akarudisha kitambaa taratibu, kama mtu anayefunika sufuria ya mboga iliyoungua.

"Zaina yuko wapi?" akauliza.

Zaina ni dada yangu mkubwa, umri na umbo sawa na Mwanaamina, na mgongo wake ni laini kama chungu kipya. Shangazi akamweleza mpango: atafunikwa kanga, atakaa pale ukumbini, asiseme neno, apakwe yeye.

"Nikipakwa mimi, naolewa mimi?" Zaina akauliza.

"Mjinga we! Unaazima mgongo tu."

Mwanaamina alikuwa bado kifudifudi. Alisema hataki. Shangazi akamwuliza kama anataka kwenda kumwonyesha Bi Sada huo wa kwake, naye akaurudisha uso kwenye ngozi ya kondoo.

Bi Sada alifika na wanawake wake kwa lori lile lile. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, mshona kofia, na sindano yake ilichomekwa kwenye kilemba huku uzi ukining'inia sikioni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia huku akikunja mikono ya gauni. Hakupoteza wakati. Alikaa nyuma ya Zaina, akamwaga mafuta ya nazi kiganjani, akaanza kumpaka na kumgeuza huku na huku. Vigelegele vikapigwa. Shangazi Tatu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Mkono wa Bi Sada ukasimama. Akanusa.

"Humu kuna panya amekufa."

"Ni siagi ya dukani," shangazi akasema.

"Siagi naijua. Hii nyama." Akainuka, akafuata pua yake, hatua kwa hatua, mpaka mlango wa ndani. Shangazi akawahi kusimama mbele yake.

"Humo kuna mgonjwa, dada yangu."

"Mgonjwa hunuka hivi akishazikwa. Hebu nipishe."

Akasukuma mlango. Nzi walitoka kwa pamoja mpaka wanawake wakainama. Mwanaamina alikuwa amelala pale, kitambaa kimeteleza, mgongo wote nje.

"Huyu ni nani?" Bi Sada akauliza akiwa ameziba pua.

Kisha sauti ya Zaina ikatoka chini ya kanga huko ukumbini: "Huyo ndiye bibi harusi. Mimi nimeazimwa tu."

"Ukoma!" Bi Sada akapiga kelele. "Mnanificha ukoma! Na mwingine mnanipakisha mafuta yangu bure! Wanawake, chukueni vyombo, twendeni!"

Wakaanza kufunga vikapu. Mama yake Mwanaamina akakaa chini palepale, mikono kichwani. Ndipo Mwanaamina, ambaye hakutakiwa kusema neno siku hiyo, akainuka. Aliinuka kidogo kidogo, kanga ameishika kifuani.

"Shikamoo, mama," alisema. "Usiondoke. Nioshe kwanza."

"Mimi? Nikuoshe wewe?"

"Ulikuja kunipaka. Mwili ndio huu, siyo ule. Uoshe, uutazame, halafu useme unachosema. Lakini usiseme kabla hujaona."

Bi Sada akaitisha maji ya vuguvugu na mche wa sabuni, akamtoa uani kwenye mwanga. Alilowesha kitambaa, akakibandua. Chini yake mafuta yalikuwa yameganda kama uji wa jana, yana nyuzi, na pembeni nzi walikuwa wamekwisha kutaga mayai yao meupe, yamepangana kama punje za mchele. Bi Sada akaweka sabuni chini, akaenda nyuma ya banda, tukamsikia akitapika. Akarudi, akafuta mdomo, akaendelea. Maji yalitoka ya kahawia, yakatoka ya njano, yakatoka ya waridi. Kuku waliyanywa. Mwanaamina alitetemeka lakini hakulia.

Ulipokuwa safi, Bi Sada akachomoa sindano kilembani. Sote tulielewa. Mwenye ukoma hasikii kitu kwenye baka. Akaipeleka kwenye lile kubwa kuliko yote, bila kumwambia, akachoma.

"Mama wee! Unanitoboa mapafu!"

Akachoma jingine. Mwanaamina akamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, la nguoni kabisa, tusi la kwenye stendi ya lori.

"Anasikia," Bi Sada akawatangazia wenzake. "Tena anasikia sana." Akamgeukia Shangazi Tatu na sindano mkononi. "Wewe uliyempaka haya, hebu geuka tuone kama una hisia."

Shangazi akaingia ndani, na siku ile hakuonekana tena.

Bi Sada akapapasa mashimo ya zamani kwa kidole. "Na haya?"

"Debe, mama. Debe la samli."

"Samli inayokuja Dongobesh? Ile ninayopikia wali?"

"Ndiyo hiyo."

Bi Sada akatema mate kando. "Basi nimekula mengi," alisema. Akawaambia wanawake wake wafungue vikapu.

Mwanaamina aliolewa kesho yake akiwa amekaa wima kabisa, kwa sababu hakuweza kuegemea kitu, wageni wakasema bibi harusi ana adabu ya kukaa. Makovu hayakupona. Yale mabaka yalibaki, sasa mgongo una rangi mbili na mashimo, mbaya kuliko mwanzo. Nasema hivyo kwa kuwa nimeuona, likizo hii, nikiwa darasa la nane, nilipolala kwake Dongobesh nikielekea nyumbani. Sasa ana watoto, samli ameacha, anauza vitumbua, na Seifu ni dereva. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, gauni limeteremshwa kiunoni, dodoki ndani ya karai karibu yake. Ile hamu ya zamani ya kutapika ikarudi, na ile ya kutazama pia. Nikamkumbusha swali langu, nikamwuliza tena.

Akacheka mpaka kigoda kikalia.

"Seifu hajauona. Akirudi na lori anakula, analala. Mimi mwenyewe sijauona, sina macho kisogoni. Anauona yule bibi wa sindano. Kila Ijumaa ananikalisha hapa, ananisugua, anasema mgongo huu unamtia kichefuchefu, halafu ananiambia niiname vizuri, huko chini bado hajafika."