Kofia Katika Picha ya Suluhu

Mimi simuamini mtu ambaye kila siku ana habari kabla ya wenzake. Jirani yetu, mtu wa makamo anayeshinda barazani na simu yake mkononi, ndiye huyo. Vita vya Syria anavijua kuliko bei ya samaki Darajani: nani kamuua nani, nani kahama kundi gani. Ndugu yangu alipoondoka alituaga kwamba anakwenda kusoma Sudan, na wa mwanzo kutwambia kuwa hayuko Sudan, yuko vitani Syria, alikuwa jirani huyu huyu. Nikamuuliza kajuaje. Akanijibu kuwa dunia siku hizi ni kijiji. Tangu hapo hajanywa chai yangu.

Ndugu yangu kaacha mke. Wifi yangu hushona kofia za viua, zile za kutariziwa kwa mkono, na wateja humfuata mpaka kutoka Mbweni. Kofia ya kwanza aliyomshonea mumewe aliitia mapambo ya karafuu, na karafuu moja, upande wa kushoto, ikamtoka kichwa chini miguu juu. Akataka kuifumua. Mumewe akakataa, akasema iache, ndivyo nitakavyoijua kofia yangu msikitini. Akaondoka nayo kichwani.

Mwanzo alikuwa akituma sauti yake kwenye simu. Kila mara aliwalaani watu wa kundi jengine, Waislamu wenzake, akiwaita makhawariji, yaani walioasi dini. Nikajiuliza: mtu kaacha kwao kwenda kumpiga dhalimu, vipi sasa anampiga anayeelekea naye kibla kimoja? Kisha makundi yale mawili yakavaana kweli kweli, na sauti ikakatika. Tangu siku hiyo wifi hajui kama yeye ni mke au mjane. Kuolewa hawezi, eda ya kufiwa hajakaa, na kila akisikia mtu anapanda ngazi huinua uso.

Ijumaa moja baada ya sala jirani akapiga hodi.

"Shikamoo, ami," nikamwambia, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Wameungana, mwanangu. Kundi la nduguyo na wale wengine, sasa kitu kimoja. Yaliyopita si ndwele."

"Si ndwele kwa nani?" nikamuuliza. Akanipa simu.

Wifi akaja na mshono wake mkononi. Kwenye simu wakubwa wawili walikuwa wanakumbatiana, na nyuma yao vijana wamejipanga na bunduki. Waliofunga kitambaa cha kijani mkononi, jirani akatueleza, ndio wa lile kundi jengine. Mimi nikatafuta uso wa ndugu yangu kwa kila aliyesimama pale. Sikuuona.

Wifi hakutafuta uso. Aliweka kidole juu ya kijana mmoja mwenye kitambaa cha kijani, akaikuza picha. Kijana yule alikuwa kavaa kofia ya karafuu, na upande wa kushoto karafuu moja ilikuwa kichwa chini. Kofia ilimkalia juu ya utosi tu, haimwingii.

"Mnaona?" jirani akasema. "Washaanza kupeana zawadi." Lakini alipoyasema hayo alikuwa anatazama viatu vyake.

Na mimi, pamoja na shaka zangu zote, nilitamani kumuamini. Wallahi nilitamani. "Labda kweli kampa," nikasema.

"Angempa saa," wifi akasema. "Angempa kanzu. Kofia ile hakuwahi kumuazima hata baba yake."

Akamrudishia jirani simu, akamshukuru, na jirani akateremka ngazi. Wifi akakaa kitandani, akaanza kuvua bangili zake za harusi moja moja, akiziweka juu ya kofia aliyokuwa akiishona.

"Wifi," akaniambia, "nifungie dirisha la njiani. Nnakaa eda."

Nikaenda kulifunga. Chini, jirani alikuwa kesharudi barazani, watu wamemzunguka, anawahadithia namna ndugu walivyopatana.